Tupeane uzoefu: siku uliyobadilisha maji ya tangi ukajuta

Kokoto58:
Jameni, jana maji yamerudi hapa Nakuru baada ya siku nne za mifereji kutoa upepo tu. Nimefungulia, harufu ya klorini ikanipiga puani, nikabaki nimesimama na ndoo mkononi. Nimekumbuka 2019. Nani mwingine ameua samaki kwa kuwaoshea nyumba?

Naanza mimi. Tangi la lita 120, samaki wa dhahabu kumi na wanne, wengine nimewalea tangu wakiwa kama kucha. Wageni wa mke wangu walikuwa wanakuja Jumapili na maji yalishakuwa kama chai ya mkandaa. Nikamwaga yote. Kokoto nikazisugua kwenye karai, sponji ya kichujio nikaikamua chini ya mfereji mpaka ikatakata, nikajaza tangi kwa mpira moja kwa moja. Lilimeta! Mke akapiga picha.

Saa moja jioni wote wako juu, midomo wazi, wanagombania hewa. Matamvua mekundu kama yamepakwa pilipili. Nikadhani ni njaa, nikawatupia chakula. Ndiyo, cheka tu. Saa nne wa kwanza akalala ubavu. Nikakaa pale na kikombe, nachota maji nayamwaga kutoka juu, nachota namwaga, hata sijui nani aliniambia nifanye hivyo. Alfajiri walibaki wawili. Mmoja akafa Jumatano, na huyo ndiye aliyenifunza, kwa sababu klorini ilikuwa imeshapotea. Kilichomuua ni amonia. Bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, wanakaa kwenye sponji, na mimi nilikuwa nimewaosha wakaenda na maji ya mtaro.

MamaGapi:
Kumi na mmoja, mimi. Sitaki kukumbuka.

Jirani_wa_Kondele:
Pole sana Kokoto. Mimi hapa Kisumu nalaza maji kwenye ndoo wazi saa 24, ikiwezekana na pampu ya hewa ndani. Natoa robo tu ya tangi, kila wiki. Sponji naikamua ndani ya maji machafu niliyotoa tangini, haigusi mfereji kamwe.

Fundi_Mpira:
Mnajisumbua. Miaka sita naweka maji ya mfereji moja kwa moja na samaki wananenepa.

Jirani_wa_Kondele:
Unaweka kiasi gani?

Fundi_Mpira:
Ndoo moja. Tangi langu ni lita 300.

Jirani_wa_Kondele:
Basi ni sehemu ndogo, na siku wakiongeza dawa kwenye mabomba utarudi hapa ukilia. Halafu kama wanatumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kulaza ndoo usiku mmoja hakutoshi, haiondoki haraka kama klorini. Hapo utahitaji dawa ya thiosalfeti, na kichujio chako kiwe kimekomaa, kina bakteria wa kutosha, maana kloramini ikivunjwa inabakisha amonia.

MtotoWaDunga:
Kwani Ziwa Viktoria limeenda wapi? Mimi nachota ufukweni Dunga asubuhi. Samaki wanaishi humo tangu enzi za mababu.

MamaGapi:
Wa ziwani ndio wanaishi humo, si gapi wangu, hawa samaki wadogo wa mapambo. Unaingiza konokono na vimelea, kisha unaunyonya mpira kwa mdomo. Na kuingia majini kuchota ni kujitafutia kichocho.

MtotoWaDunga:
Nafuga fulu, wale samaki wadogo wa ziwani. Ziwa ni kwao. Fulu wengi walimalizwa na mbuta, yaani sangara, wacha wangu wakae na maji ya kwao.

Kisima_Section58:
Mimi natumia kisima, hakina klorini. Ila maji yetu ya Nakuru mnayajua yalivyo na floridi, angalieni meno yangu. Bado sijaona samaki mwenye meno ya kahawia 😂 Hatari kubwa hapa ni baridi. Julai nilimwaga maji ya asubuhi bila kupasha, baada ya siku chache gapi wote wana vidoa vyeupe kama chumvi. Siku hizi nachanganya na ya birika mpaka mkono usione tofauti.

Fundi_Mpira:
Birika! Hao ni samaki au wageni?

Oska_Mpweke:
Naona mnalia kwa klorini. Ngojeni.

Nilikuwa na oska mmoja, samaki wa mapambo, miaka minne, sentimita 25 hivi, alikuwa anakula minyoo mkononi mwangu. Siku ya kuosha tangi nikamtoa, nikamweka kwenye beseni kubwa jikoni na maji yake mwenyewe, nikafunika na sinia asiruke. Mpira ukawa umepasuka, nikatoka kwenda sokoni Kibuye kununua mwingine. Nyumbani nilimwacha shangazi yangu, Waya, aliyekuwa amefika asubuhi. Waya ameuza samaki Dunga maisha yake yote.

Narudi, kuanzia ngazini nasikia harufu ya kitunguu na nyanya.

Akaniambia, "Mwanangu, huyo ngege wako aliyekuuzia alikuibia, amejaa madoa. Nimemkaanga kwanza ndiyo nikamtia mchuzi." Alidhani ni ngege, yaani perege wa kula. Na ameshasonga ugali. Waya! Nitasema nini?

MamaGapi:
UKALA???

Oska_Mpweke:
Shangazi amekutazama. Ungefanyaje?

Kisima_Section58:
Lakini oska huliwa kwao Amazoni. Utamu ulikuwaje?

MamaGapi:
Kisima huna huruma hata kidogo. Na kama alikuwa ametiwa dawa ya vidoa?

Oska_Mpweke:
Hakuwa na dawa. Miiba mingi. Wacheni niishie hapo.

Jirani_wa_Kondele:
Pole, ndugu yangu. Lakini kumtoa kwenyewe ndiko kosa. Ukibadilisha robo, samaki anabaki ndani. Wavu na beseni vinamchosha kuliko maji mapya.

MtotoWaDunga:
Kosa ni kumwacha jikoni na mtu wa Dunga. Sisi tukiona samaki kwenye beseni hatuulizi maswali.

Kokoto58:
Uzi wangu umeshatekwa na mchuzi. Kabla sijasahau: zimeni hita kabla ya kupunguza maji. Yangu ilibaki juu ya maji ikiwaka, nilipomwaga ya baridi kioo kikapasuka na stima ikakatika nyumba nzima.

Fundi_Mpira:
Hiyo ni kweli. Leo nakubali moja.

Kisima_Section58:
Kokoto, kwa hiyo haya ya jana unaweka au huweki?

Kokoto58:
Yako kwenye ndoo tatu sebuleni na pampu inatoa mapovu. Mke anaziruka akienda jikoni. Kesho jioni nanusa tena.

Ingo_2:
Kuna mtu anauza pampu ya hewa mkono wa pili, Kakamega?

Kokoto58:
Fungua uzi wako bosi.