Mteja anasema "figures" haziko "square": analalamikia vinyago au hesabu?

KijanaWaMwenge:
Wakuu habari za jioni. Namsaidia mjomba kuuza vinyago pale Mwenge, Dar. Yeye anachonga, mimi ni mtu wa simu na barua pepe. Tuna mteja Bristol, Uingereza, ameagiza vinyago 40 vya mpingo, vingi ni vya ujamaa (vile vya watu wengi waliobebana kwenye gogo moja). Leo kaandika hivi, nanakili kama ilivyo:

"The figures on page 2 don't square with what you told me on the phone. I'm happy with the round figure. Please draw up a new invoice. Next time I'd like six pieces in relief and four in the round."

Kamusi ninayo, ila kila neno linanipa maana lundo. Mjomba kashanuna. Nilipomsomea "round figure" akanyanyua kinyago cha mama mnene aliyebeba mtungi: "Ni huyu kampenda? Basi hao wengine awarudishe, mimi sichongi upya." Nimwambieje?

Bonge_la_Kino:
Relief si ile ya mahindi ya msaada? Jamaa anataka vinyago vya njaa 😂

MwalimuMstaafu_Tanga:
Kijana wangu, mtulize mjomba, kazi yake haijaguswa. Mzungu analalamikia hesabu.

"Figure" asili yake ni Kilatini, na shina lake ni la kufinyanga, kutia kitu umbo. Kinyago ni figure, mwili wa mtu ni figure, mchoro kitabuni ni figure, na tarakimu nayo ni figure kwa kuwa ni umbo lililoandikwa. Utajuaje ipi ni ipi? Tazama jirani zake. Hapo kuna "page 2", na vinyago havikai kwenye ukurasa. "Round figure" ni kiasi kilichokatwa kikawa kizima, bila chenji chenji. Bila shaka mlimtajia kwenye simu bei ya mkupuo, ndiyo anayoikubali. Yule mama wa mtungi hahusiki kabisa.

"Draw up a new invoice" ni kuandaa ankara nyingine. Usimchoree kitu! Hili "draw" nimelifundisha miaka na miaka, na wanafunzi walikuwa wakilikariri kama orodha ya maneno kumi yasiyojuana. Mimi nilikuwa nawaambia: shika kuvuta. Kiingereza cha kale ndivyo kilivyokuwa, na "drag" ni ndugu yake wa damu. Unavuta maji kisimani, unavuta pazia, unavuta bastola kiunoni, unavuta hela benki, unavuta penseli juu ya karatasi. Zote ni draw. Sisi wenyewe tumelichukua neno hilo zaidi ya mara moja: droo ya kabati, droo ya kupanga makundi ya kombe, na timu zikitoka sare tunasema zimetoka droo. Kwa kuchora hatukukopa, tulikuwa na neno letu.

"Relief" shina lake ni kuinua. Picha ikiinuka kidogo juu ya ubao huku nyuma imeshikana nao, hiyo ni relief. Chukua sarafu ya shilingi 100, pitisha kidole kwenye kichwa cha Mwalimu Nyerere, utaihisi. Nakshi za milango ya Zanzibar ni hiyo hiyo. Bonge naye hajakosea sana, maana msaada wa chakula ni mzigo ulioinuliwa mgongoni mwa mwenye shida. Kinyume chake ni "in the round": kinyago kilichochongwa pande zote, unakizunguka. Si lazima kiwe cha mviringo.

FundiSkwea:
Mwalimu kaiacha "square", hiyo niachieni mimi. Sisi saiti tunasema kona iko skwea. Unapima futi 3 upande huu, 4 upande ule, ukiunganisha ncha lazima usome 5. Ukisoma 5 na inchi mbili, ukuta wako umekwenda kombo. Kwa hiyo akisema hesabu hazi-square, ni kwamba za simu na za karatasi hazikutani kwenye kona. Hata randa yangu Mzungu anaiita "plane", na sehemu bapa anaiita plane pia, kwa sababu kazi ya randa ni kusawazisha.

Nuru_K:
Mwalimu, shikamoo. Hiyo njia ya kutafuta shina ni nzuri ila isiaminiwe kila mahali. "Bust" ya sanamu ya kichwa na kifua, ambayo mafundi cherehani wanaitumia kwa kipimo cha kifua, ilitoka Italia. "Bust" ya kuvunjika au kufilisika ni "burst" iliyochakaa mdomoni. Hazina undugu wowote.

MwalimuMstaafu_Tanga:
Marahaba binti. Kweli kabisa, na ndiyo maana nimesema jirani kwanza, shina baadaye.

KijanaWaMwenge:
Shikamoo mwalimu, asanteni wote. Nimekuta tatizo: simu ilitaja pauni 1,700 pamoja na usafiri, halafu wakala wa mizigo akapandisha bei na ankara ikatoka 1,840. Mjomba kakubali ibaki 1,700, tofauti tutabanana na wakala. Sasa kanigeuzia swali jingine: hizo sita za relief zinataka ubao mpana, mpingo wa upana huo atautoa wapi?

FundiSkwea:
Hataupata. Mpingo ni mwembamba na umejipindapinda, ubao mpana utaunganisha mpaka uchoke. Mwambie mteja relief zitakuwa za mninga au mkongo, na bei umpe mapema, kwa maandishi.