Naomba ushauri: kutoa tyubu za zamani na kuweka LED karakanani

Habari zenu wakuu. Karakana yangu ya useremala ina tyubu za futi 4 za wati 36, zile za choki (kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye tyubu) na stata (kidude kinachoiwasha), na nataka kuweka LED za wati 18. Fundi mmoja anasema nibadilishe tyubu na stata tu. Mwingine anataka choki iondolewe kabisa, kwa sababu nayo inakula umeme. Huyu wa pili naona ana hoja.

Kinachonitia hofu hasa ni msumeno wa duara. Mwanga unaopepesa unaweza kufanya kitu kinachozunguka kwa kasi kionekane kimesimama, na vijana wangu wanashinda hapo. Nitaitambuaje LED isiyopepesa kabla ya kununua?

Halafu tyubu za zamani zina zebaki ndani. Mnazipeleka wapi?