"Kanunue redio": fundi yule yule kanidhalilisha mbele ya mama mkwe

Mkomani_Juu:
Naandika kwa simu yenye kioo cha nyufa na mkono unatetemeka kwa hasira, makosa mnisamehe. Nyote mnamjua. Fundi wa kompyuta wa Langoni, hapa Lamu, mwenye feni isiyozunguka, anayeweka kikombe cha kahawa juu ya mashine za watu. Jina simtaji.

Laptopu yangu ya Ubuntu, aina ya Linux badala ya Windows, imekataa waifai tangu Jumatatu. Si kwamba iko dhaifu, HAIONI hata rauta moja, na simu pembeni yake inaona mpaka za majirani. Nimezima, nimewasha, nimeisomea Ayatul Kursi. Leo nikampelekea. Kifuniko hakukiinua! Kaisukuma kwa kidole kimoja kama sahani ya samaki wa juzi, akasema: "Bwana, Linux ni ya watu wenye akili. Wewe kanunue redio."

Kanunue redio! Na nyuma yangu kasimama nani? Mama mkwe, kaja kutoa kopi ya kitambulisho. Akacheka. Nimeoa miaka 9 sijapata kuyaona meno ya yule mama. Leo nimeyahesabu.

Kisha kanitoza mia mbili za "kuangalia". Njia nzima mpaka Mkunguni kichwani redio, redio. Hata punda walinipisha, na punda wa Lamu hampishi mtu.

Pwani_Kavu:
Pole. Fungua taminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika `rfkill list`, itakwambia kama waifai imefungwa, utuwekee jibu.

Mkomani_Juu:
Sikuja kutafuta dawa, nimekuja kulalamika. Haya: "Soft blocked: no, Hard blocked: yes". Umeridhika? Redio, mtu mwenye watoto watatu!

Pwani_Kavu:
Ugonjwa wako ni hiyo "hard". Waifai imezimwa kwa swichi, huifungui kwa amri yoyote. Papasa ubavuni mwa laptopu, au tafuta kitufe chenye alama ya mnara. Ingekuwa "soft", yaani imefungwa na programu, amri ya `rfkill unblock wifi` ingetosha.

Bibi_wa_Shela:
Hahahaaa kumbe swichi! Fundi hakukosea. Wapenda stesheni gani?

Nahodha_Mkavu:
Msimcheke. Yangu ilikuwa kadi ya waifai ya Broadcom, dreva, ile programu ya kuiendesha, hamna, na dreva yenyewe yataka intaneti ndiyo uishushe. Nikachomeka simu kwa waya wa USB, nikaigawia intaneti ya simu, mashine ikadhani ni kebo. Nikaweka dreva yake, `bcmwl-kernel-source`, ikashika.

Bibi_wa_Shela:
Mimi inashika, ila nyumba ya matumbawe, ukuta unene wa dhiraa. Nikiingia chumba cha ndani, kwisha. Nalala na laptopu ukumbini kama mgeni.

Langoni_Daima:
Afadhali huyo anakufukuza siku hiyo hiyo. Yule fundi wa kushona kanzu, nyuma ya Ngome, mnamjua, ana kitambaa changu tangu Mfungo Tano. Kila nikienda, "imebaki vifungo". Maulidi yamepita nimevaa ya kaka yangu, mikono yaishia kwenye viwiko.

Nahodha_Mkavu:
Wa vifungo! Yangu ina mfuko mmoja. Wa pili kauchora kwa chaki, hadi leo.

Pwani_Kavu:
Mkomani, swichi umeiona?

Mkomani_Juu:
Achana na swichi, hiyo imekwisha. Huyo wa vifungo ana KOTI LANGU LA HARUSI. Miaka 9! Niliingia ukumbini na la kuazima, limenibana kwapa, na mama mkwe kakaa safu ya mbele ananitazama hivi hivi mpaka kadhi akamaliza.