Nimeuziwa kitambaa cha hema kwa bei ya tanga hapa Mwanza, nataka pesa yangu

Wakuu, hasira hii ninayo tangu Jumamosi, leo naimwaga. Mwenye duka simtaji jina. Akipita hapa atajijua.

Nina mashua ya mbao ya futi 28, mlingoti mmoja. Napakia machungwa na mihogo kisiwani Ukerewe, nashusha Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Injini ninayo, lakini kwa bei ya petroli ilivyo, ukiiwasha kwenda na kurudi faida yote imeishia kwenye tangi. Tanga ndilo linalonilishia watoto. La zamani lilikuwa limebaki viraka juu ya viraka, nikajibana miezi minne nikaenda kwa huyu bwana. Akanitandikia kitambaa cheupe kinachong'aa, akasema ni Dacron halisi, kitambaa cha matanga, "mzee wangu, hili utawaachia wajukuu." Laki nane na nusu. Nikalipa taslimu.

Sikilizeni alichoniuliza kabla ya kukata: urefu na upana. Basi! Hakuuliza napakia mzigo kiasi gani, hakuuliza napita wapi, hakuuliza mlingoti wangu unapinda au haupindi. Mashua ilikuwa imefungwa hatua chache kutoka mlangoni kwake, hakutoka kuitazama.

Safari ya kwanza yenye mzigo, tumeondoka Nansio, kule Ukerewe, alfajiri. Upepo wetu mnaujua: usiku mpaka asubuhi unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka. Kwa hiyo kuja Mwanza asubuhi upepo uko usoni, lazima uende mbisho, yaani kuupanda upepo kwa zigizaga, upande huu kisha upande ule. Hapo ndipo tanga linapojulikana. Tanga zuri tumbo lake linakaa mbele, karibu na mlingoti, na nyuma linanyooka. Langu lilikaa hivyo robo saa. Upepo ulipokaza kidogo tu kitambaa kikavutika, tumbo likahamia nyuma, mashua ikalala ubavu ikawa inasukumwa pembeni badala ya kwenda mbele. Tumegeuza upande mara tatu, na mara zote tatu nikiinua macho naona mwamba uleule. Mwanangu anachota maji, mimi nimekumbatia usukani.

Nikasema tupunguze tanga. Tupunguze na nini? Halina safu hata moja ya macho ya kukunjia, yale matundu ya kufungia tanga likikunjwa liwe dogo! Yaani upepo ukizidi ama ubebe tanga lote ama ulishushe lote. Hata lile la viraka, alilolishona marehemu baba kwa mkono, lilikuwa na safu mbili. Mtu anayeuza tanga kwenye Ziwa Victoria, ambako wingu linaweza kukufikia hujamaliza hata kufunga mzigo, anawezaje kusahau kitu hicho? Nimelishusha, nimechoma petroli mpaka Kirumba, tumefika jioni wateja wangu wameshanunua kwa wengine.

Nilichukua kipande cha masalia alichonipa, nikakata nusu mita kwa nusu mita, nikampelekea sonara anipimie kwenye mizani yake. Gramu 35. Zidisha mara nne, ni gramu 140 kwa mita ya mraba. Mashua kama yangu inataka kitambaa cha gramu 250 mpaka 300. Na Dacron ni jina la biashara la poliesta, poliesta iliyofumwa kwa kubanwa sana. Ishike mshazari, kona kwa kona, uvute kwa nguvu: haikubali. Hiki kinavutika kama soksi. Ni nailoni ya mahema. Nailoni ina kazi yake, matanga mepesi ya mbele ya kupokea upepo wa nyuma hushonwa kwa nailoni, lakini tanga kubwa la kwenda mbisho, hapana.

Na ukataji wenyewe! Tanga halikatwi bapa kama pazia. Kila kipande hupindwa kidogo ukingoni kabla ya kuunganishwa, ndipo tumbo linapozaliwa mahali pake. Hili limekatwa kwa rula kutoka juu mpaka chini. Mshono ni mstari mmoja ulionyooka, wakati mshono wa tanga ni zigizaga, safu mbili au tatu, ili uzi usikatike kitambaa kikicheza. Pembe ya chini, inayobeba nguvu yote ya kamba, imeongezwa tabaka moja tu, na pete yake ni ya bati, imeshatoa kutu ya rangi ya chai kwenye kitambaa kipya. Siku tisa!

Nimerudi dukani na mzigo huu begani. Ananijibu mbele ya watu, "Mzee wangu, tanga ni tanga, labda hujui kuliendesha." Nimeingia ziwani nikiwa na miaka kumi na moja.

Sitaki kiraka, sitaki anipunguzie bei. Nataka laki nane na nusu yangu yote, nami nimrudishie kitambaa chake chote pamoja na masalia. Risiti ninayo, ameandika "tanga la Dacron" kwa mkono wake mwenyewe. Jumatatu saa mbili asubuhi niko mlangoni kwake na risiti hiyo na mizani ya sonara. Aliyeuziwa kitambaa hiki kama mimi, iwe Igombe, Sengerema au Kome, aje na kipande chake tukipime pale pale.