Tupeane uzoefu: Shokapu ya usukani kwa Land Cruiser yenye matairi makubwa

Wakuu, habari za leo. Nina Land Cruiser 79 ya kazi. Nimeitoa kwenye matairi ya 7.50R16 nikaivalisha mapana zaidi, 285/75R16. Kwenye lami hadi lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, iko shwari kabisa, lakini ikiingia kwenye rasta (vile vituta vidogo vidogo vya barabara ya vumbi) za kuelekea Naabi, lango la Serengeti, usukani unanipiga mikono mpaka viwiko vinauma. Nataka kufunga shokapu ya usukani, ile inayotuliza mtikisiko usifike mikononi, ila wauzaji kila mmoja anasifia yake: ya mafuta, ya gesi, wengine wanataka nifunge mbili. Mliokwisha kufunga, mlichagua ipi na kwa nini?

Fundi wa Arusha
Mkuu, subiri kwanza kutoa hela. Piga jeki, shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, angalia beringi za habu na za kingipini (pale gurudumu linapogeukia). Halafu shusha gari, washa injini, mtu azungushe usukani kidogo kidogo kushoto na kulia huku wewe umelala chini umeshika kichwa cha tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele yageuke pamoja. Kilichochoka utakisikia kinagonga kiganjani. Bushi za panhadi, fimbo inayozuia ekseli isihame pembeni, nazo zikague hivyo hivyo. Kufunga shokapu nzito juu ya tairodi mbovu ni kumpa panadol mwenye malaria.

Dereva, Karatu
Mimi nilianza na ya gesi. Rasta ilitulia kweli, ila barabara ikinyooka gari likawa linavuta upande mmoja. Ile gesi inasukuma fimbo itoke muda wote, na usukani unafuata. Ukitaka kujua, ibonyeze kabla ya kuifunga uiachie: ya gesi inarudi yenyewe, ya mafuta inabaki ulipoiachia. Sasa natumia ya mafuta, na siitoi.

Mwenye Jimny, Nairobi
Yangu ilikuwa ikigonga kilomita 80 kwa saa inatetemeka yote, mpaka nipunguze mwendo. Nilikuwa nimeinua springi inchi 2, kasta (ule mlalo wa kingipini kuelekea nyuma unaosaidia gari kunyooka) ikapungua. Dawa ilikuwa bushi za kurekebisha kasta na kubalansi magurudumu. Shokapu ya usukani ni ile ile iliyokuja na gari.

Mzee wa Patrol
Shokapu mbili niliwahi kutumia. Usukani ukawa mzito, na ukitoka kwenye kona unachelewa kurudi katikati. Kwa 285 moja nzuri inatosha. Jambo ambalo mafundi wengi wanaruka: ukishafunga, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili. Stopa za ekseli, zile zinazozuia magurudumu yasikate zaidi, zifike kwanza. Shokapu ikifika kabla yake, itang'oa breketi au kupinda fimbo.

Mwanzisha mada
Shukrani sana wazee wangu. Kichwa cha tairodi upande wa abiria kinagonga, nimekisikia kwa mkono. Kinabadilishwa kwanza, kisha nanunua ya mafuta, moja. Rimu zangu pia zimetokeza nje kuliko zile za kiwandani, na nahisi zinaupa mtikisiko nguvu zaidi. Mwenye 79 aliyewahi kurudisha rimu za mwanzo akabaki na 285 zile zile, naomba atusimulie.