Tupeane uzoefu: klavye (kibodi) ya laptop ikikufia katikati ya kazi, ulifanya nini?

Mama Sekretaria (Goma, Katindo)

Wandugu habari zenu. Nafungua hii mada juu ya jambo lilinipata wiki iliyopita na bado linaniuma. Niko na kasekretaria kadogo huku Katindo, wanafunzi wananiletea TFC na memware (kazi za kumaliza masomo) nawachapia. Siku ya tatu jioni niko kwa ukurasa wa 41, mutoto wa watu anatakiwa aweke kazi kwa fakilte kesho yake saa nne asubuhi, ghafla e inakataa. Nafinya, hapana. Nafinya kwa nguvu, hapana. Kuangalia vizuri naona d nayo imekufa, c imekufa, na ile 3 ya mustari wa juu. Zingine zote zinaandika bila shida. Sasa Kifaransa bila e unaandika nini, hata "le" hauipate, hata jina la huyo mutoto lilikuwa na e mbili.

Kwanza nilifungua ile klavye ya kwenye ekra (unafinya Windows, Ctrl na O pamoja), nikawa naandika kawaida halafu kila e nakwenda kuitafuta kwa tachpadi, kurasa tatu zikanikula saa nzima. Saa mbili usiku jirani wa duka akanihurumia, akaniazima klavye ya USB ya mashini yake ya meza, nikachomeka, ikashika palepale. Nilimaliza saa saba usiku kwa gurupu (jenereta) ya jirani maana umeme ulikuwa umekatika. Mutoto aliweka kazi yake kwa wakati, namushukuru Mungu.

Ila mashini bado iko vile. Mwenye yalimupata aseme, ilianza namna gani, ulijaribu nini, nini ilisaidia kweli. Musiniambie tu nunua mupya, hapa wengi wetu mashini moja njo inalipa shule ya watoto.

Mwalimu wa Ndosho

Mama pole sana. Mimi yangu ilinigharimu dola 25 za bure na nasema wazi ili mwingine asipite njia hiyo. Nilikuwa napanga pointi za wanafunzi, mkono wa kuume umelala kwenye Shift ya kuume huku nasoma karatasi, nadhani nilikaa hivyo muda, mashini ikapiga ka-sauti na kadirisha kakatokea, nikakafinya "ndiyo" bila kusoma. Kutoka hapo klavye ikawa kama imekufa. Nikapeleka kwa fundi fulani mjini, akaiangalia dakika mbili akasema klavye imeungua, tubadilishe. Tukabadilisha. Nikarudi nyumbani, ile mpya nayo haiandiki!

Aliyenisaidia ni mwanafunzi wangu wa mwaka wa tano. Aliweka kidole kwa herufi moja akakiacha palepale bila kukiinua, na herufi ikatokea. Akasema mwalimu, klavye ni nzima, ni Windows inangoja ufinye muda mrefu. Kumbe ukishikilia Shift ya kuume sekunde 8 Windows inawasha kitu cha kusaidia watu wenye mikono inayotetemeka, inakataa kila mfinyo wa haraka. Unaingia kwa paramètre za Windows sehemu ya aksesibilite, klavye, unazima ile ya kuchuja mifinyo, basi. Dola 25 zilikuwa minerval (pesa ya shule) ya mtoto wangu wa mwisho. Kwa hiyo kabla ya kulipa mtu yeyote, jaribu kushikilia herufi sekunde mbili tatu uone.

Dada wa Kadutu (Bukavu)

Mimi ni chai. Chai ya maziwa na sukari, kikombe kizima, mvua inanyesha nje, paka kapita juu ya meza. Nilichokosea ni mbili. Kwanza nilianza kupanguza juu juu na mashini ingali inawaka, dakika nzima. Pili watu waliniambia weka kwa muchele, nikaizika kwa beseni ya muchele usiku mmoja, asubuhi nikawasha juu nilikuwa na haraka. Ikawaka, ikaandika "jjjjjjj" peke yake mpaka mwisho wa ukurasa, halafu ikazima na haijawaka tena mpaka leo. Muchele haunyonyi chai ambayo imekwishaingia chini ya batoni na sukari ndiyo ile ile inabaki mule inakula shaba, vumbi la muchele nalo likaingia kwa matundu ya USB.

Mdogo wangu naye ilimpata mwaka uliofuata, maji tu, lakini yeye alikuwa ameona yangu. Alikata umeme palepale, akafinya batoni ya kuwashia mpaka mashini ikazima kabisa, akatoa batri, akaifungua kama kitabu akaigeuza uso chini kama hema juu ya kitambaa, akaiacha siku tatu bila kuigusa. Siku tatu! Tulikuwa tunamuomba awashe akakataa. Iko inafanya kazi mpaka leo, ni espasi tu (batoni ndefu ya nafasi) inakwama kidogo.

Fundi wa Birere

Nasoma haya yote naona niandike, maana hii ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Mama Sekretaria, hizo e, d, c na 3 kufa siku moja inaeleweka. Chini ya batoni kuko karatasi za plastiki nyembamba, juu yake kumechorwa njia ndogo ndogo za umeme, na batoni zimepangwa kwa mistari, mustari mumoja unabeba herufi kadhaa. Angalia hizo zako, zinashukana: 3, e, d, c. Mustari ukikatika ao ukila kutu, zote zake zinalala pamoja. Kwa hiyo usihangaike kuzingoa na kuzipiga brosi, shida haiko juu. Lakini kama ni herufi moja tu imekufa, hapo ndiyo mara nyingi ni uchafu chini yake. Na huku Goma uchafu tuko nao, ile vumbi nyeusi ya mawe ya volkano ni kama musumeno, inaingia kila pahali, naifungua mashini naikuta imejaa mpaka kwa feni. Batoni ya herufi inanyanyuliwa polepole kwa kona na kitu cha plastiki, chini yake utaona kamukasi keupe, kasivunje. Espasi na Enter usiziguse kama haujazoea, ziko na kawaya ka chuma ndani, kakipinda ni shida ingine.

Kabla ya kufungua chochote mimi napima hivi. Nachomeka klavye ya inje. Ikiandika vizuri na ya ndani haiandike, bado sijasema ya ndani imekufa. Nazima, nawasha, naingia BIOS, ile menyu ya mashini yenyewe mbele Windows haijaanza (kuna mashini ni F2, kuna F10, kuna Esc ao Delete), halafu najaribu mishale na Enter za ile klavye ya ndani. Zikitembea mule BIOS na kwenye Windows zinakataa, basi shida ni Windows, naenda kwa jestionere ya vifaa (Device Manager) naondoa klavye pale, nawasha upya, inajirudisha yenyewe. Zikikataa hata mule BIOS, hapo ndiyo nachukua turnevisi (bisibisi). Na kabla ya turnevisi natoa sharjeri na batri kama inatoka, nafinya batoni ya kuwashia sekunde 30, naunganisha tena. Usicheke hii, inaamsha klavye mingi kuliko watu wanafikiri.

Nikifungua, kitu cha kwanza ni napu, ule utepe mupana unaunganisha klavye na karte mere (bamba kubwa la ndani la mashini). Mashini za hapa zinasafiri kwa pikipiki juu ya mawe, Sake kuja, Rutshuru kuja, napu inatikisika inachomoka nusu. Pale inapoingia kuko kafuniko kadogo, kengine kananyanyuka juu, kengine kanavutwa mbele, fungua hako KWANZA ndipo utoe utepe. Nimeona watu wamevuta kwa nguvu wakavunja kafuniko, na klavye ilikuwa nzima kabisa. Panguza meno ya utepe na pamba yenye alkoli ya isopropili, ikauke, rudisha wima, funga.

Kijana wa Kamalondo (Lubumbashi)

Bandugu, yangu haikukufa, ilikuwa inaandika bibaya. Nilinunua okazyo (mashini iliyokwisha kutumika) ya kutoka Dubai, herufi za juu ni za Kiingereza, QWERTY, yule wa kuuzisha akaniwekea Windows ya Kifaransa. Naandika "mwaka" inatoka ",zqkq". Nikasema hii klavye ni ya kutupa. Kisha njo mubaya zaidi, niliweka neno la siri lenye 2019 ndani, siku ingine nawasha inakataa, nakuwa nafinya 2019 na yeye anasoma éà&ç, juu kwa AZERTY (mupango wa herufi wa Kifaransa) namba za juu zinataka Shift! Siku mbili niko inje ya mashini yangu mwenyewe na bitu byangu byote biko mule. Kumbe pale chini kwa kona kuko kameandikwa FRA, unakafinya unachagua ENG, inaisha. Ukiwa ndani ni Windows na espasi.

Muuguzi wa Kyeshero

Ya kijana imenikumbusha. Mashini yetu ya sante (kituo cha afya) ilikuwa inaandika namba pahali pa herufi, ni laptop ndogo ya herufi za Kiingereza. Ripoti ya mwezi, naandika "malaria" inatoka "0a3ar5a". Ni NumLock tu, kwa laptop ndogo inageuza j k l kuwa 1 2 3, u i o kuwa 4 5 6, m kuwa 0. Fn na NumLk, ikarudi.

Halafu baadaye a ikakufa kweli na pesa ya klavye haikuwepo mpaka mwezi uliofuata, tukaweka PowerToys ya Microsoft, haina malipo, tukaamuru Caps Lock iwe a. Mwezi mzima tumeandika hivyo, mikono inazoea.

Mama Sekretaria

Asanteni sana. Fundi, nimesahau kusema kitu, tachpadi yangu imenyanyuka kidogo na mashini ikikaa mezani inayumba. Ni sababu moja na hizo herufi?

Fundi wa Birere

Mama izime SASA, toa sharjeri, usiiwashe tena. Hiyo ni batri imevimba. Inasukuma klavye kutoka chini, inaweza kuwa njo ilikata huo mustari. Usiifinye irudi, usiitoboe hata kidogo, batri ya litiamu ikitobolewa inashika moto. Usilale nayo chumba kimoja na watoto. Kesho ilete, na usinunue klavye mbele ya kuona namba iko kwa etiketi nyuma ya ile ya zamani, model moja ya laptop inaweza kuwa na klavye mbili tatu hazikaane, na zingine zimebanwa na vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa makumi kwa makumi, hizo ni kazi ya siku nzima.

Mama Sekretaria

Narudi kutoa ripoti. Tuliifungua juzi, batri ilikuwa imefura kama mukate. Klavye ilikuwa imepinda katikati, na kwa nuru ya taa fundi akanionyesha kale kamustari, pahali pamoja kameisha kabisa, keupe. Klavye ingine haikupatikana Goma, tumeipata Bukavu, Dada wa Kadutu ndiye aliitafuta akaipandisha kwa boti ya usiku, asubuhi nikaichukua bandarini. Klavye dola 18, batri 30, fundi alikataa pesa ya kazi nikamulazimisha kumi.

Na ni hii hii naandikia sasa. e e e e, d, c, 3.