Mjomba anataka mtaji wa kangomba, na mimi ni muumini wa soko huria. Nimpe?

Mtoto wa Newala
Habari za jioni wakuu. Nipo Dar ila kwetu Newala. Mjomba kanipigia, anataka milioni 6 azizungushe kwenye kangomba, yaani kununua korosho za watu kabla hazijavunwa. Hesabu yake: mwezi wa saba anawapa wakulima pesa taslimu, 1,500 kwa kilo, kwa korosho ambazo bado ni maua mtini. Mwezi wa kumi mnada ukifunguliwa anakusanya mzigo, anaupitisha chama cha msingi cha ushirika kwa jina lake na majina ya watu wake. Bei ikitoka 3,000, hela imejirudia mara mbili.

Humu mnanijua kwa kelele zangu za serikali iache watu wafanye biashara. Najua kangomba imepigwa marufuku. Ila mtu mzima ana korosho zake, mwingine ana hela zake, wamekubaliana barazani, kosa liko wapi? Mama naye ananiambia wanaouza hivyo ni wale wenye mgonjwa ndani au mtoto karudishwa toka shule. Naombeni ushauri. Mjomba msimtukane, kwetu mjomba ni mjomba.

Soko Holela
Mpe. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna korosho karibu tani 145,000. Katikati ya miaka ya 80 hata tani 20,000 ilikuwa shida. Mnunuzi alikuwa mmoja, serikali, bei anapanga yeye. Watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki porini, ugonjwa wa ubwiri unga ukamalizia kazi. Biashara ikafunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 90, wanunuzi binafsi wakaingia, na kufika mwisho wa muongo tulishavuka tani 100,000. Anayefika kwa mkulima mwezi wa saba na hela mkononi anafanya kazi ambayo hakuna ofisi inayoifanya.

Bi Tandahimba
Soko Holela umeruka kurasa. Hao wanunuzi binafsi tuliwaona. Barabara mbovu, kijijini anafika mmoja, mizani yake, bei yake, ukikataa anawasha gari. Stakabadhi ghalani ilivyoanza Mtwara 2007 ilikuwa dawa ya hilo. Korosho zinakaa ghalani, wanunuzi wanatumbukiza bei kwenye sanduku, zinasomwa mbele ya wakulima. Siku hizi mnada umehamia kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa. Msimu wa 2017 bei ilipita 4,000.

Sasa wewe mwenye uzi, muumini wa soko, nijibu: soko ni lipi hapo? Kampuni zinazogombania mzigo mmoja, au mjomba peke yake mlangoni kwa mwenye mgonjwa, na bakuli la kupimia ambalo kila mtu anajua linazidi kilo?

Soko Holela
Bi mkubwa, kwenye bakuli nimekubali. Lakini mwenye mgonjwa mnada wa mwezi wa kumi unamsaidia nini mwezi wa saba?

Kipara wa Masasi
Naongelea hatari tu. Oktoba 2018 wakulima waligomea bei za mnada, zilikuwa chini ya zile za mwaka uliotangulia. Novemba Magufuli akatangaza serikali inanunua zote kwa 3,300, malori ya jeshi yakaja kubeba. Vijiweni watu walishangilia. Halafu ukaja uhakiki: mwenye zaidi ya kilo 1,500 aonyeshe shamba. Jirani yangu alikuwa na mzigo wa kangomba, akaambiwa aonyeshe mikorosho. Mikorosho ya nani? Hata wakulima halali, wengine waliingia 2019 wanadai. Mjomba wako anaweka hela kwenye biashara ambayo tangazo moja la jioni linaifuta, na hana pa kushtaki.

Soko Holela
Na hilo ni kosa la soko? Mnada uliuawa na nani, si serikali iliyouvunja? Mwaka huohuo wakabadili sheria, fedha zote za ushuru wa korosho ghafi zinazotoka nje zikaenda Mfuko Mkuu wa serikali, wakati awali sehemu kubwa ilirudi kwenye zao. Ushuru wenyewe ni asilimia 15 au dola 160 kwa tani, inayozidi. Kwa dola ya 2,300 ya wakati ule, hiyo 160 ni shilingi 368 kwa kilo. Anailipa msafirishaji bandarini, lakini anaipunguza kwenye bei anayoandika mnadani.

Mhasibu wa Ushirika
Mnagombana kwenye jambo moja. Kangomba ni mkopo, kununua ni jina tu. Riba asilimia 100 kwa miezi minne. Ukiweka wakopeshaji kumi pale kijijini riba inashuka, na marufuku ndiyo inayowafukuza wenye kutaka faida ndogo. Lakini mkuu, kwa hela yako wewe: usimpe. Mkopeshe salfa, dawa ya ubwiri unga, na vibarua wa kupulizia kwenye mikorosho yake mwenyewe. Mzigo ukiingia ghalani una jina lake kweli, malipo yanapita benki, unarudishiwa.

Mtoto wa Newala
Nimempigia. Milioni 6 nimesema hapana, nitagharamia salfa na vijana wa kupulizia, shamba lake na la mama. Kacheka sana, kasema uchumi wangu ni wa kwenye karatasi na hela atapata kwingine. Ila salfa kaikubali. Anayejua bei ya mfuko wa kilo 25 Mtwara mjini aniambie.

Bi Tandahimba
Usikimbilie dukani. Mjomba yuko kwenye daftari la wakulima? Kama yupo, aulizie kwanza ya ruzuku pale chamani.

Soko Holela
😂😂 Muumini wa soko huria kwenye foleni ya ruzuku.

Mtoto wa Newala
Wewe si ndiyo umenipigia hesabu ya 368 kwa kilo? Nafuata chenji yetu.